Je, Nikate Rufaa Sasa au Nisubiri Hukumu?

SWALI: Ndugu mhariri, mwenzangu amenifungulia shauri katika baraza la ardhi na nyumba la wilaya akidai kiwanja ninachokaa tangu mwaka 2005. Wakili wangu aliweka pingamizi la awali kwamba miaka 12 ya kudai ardhi imekwisha kupita, lakini Mwenyekiti amelitupa na kupanga tarehe ya kusikiliza mashahidi. Vilevile ametoa zuio la muda nisiendelee kujenga. Je, ninaweza kukata rufaa Mahakama Kuu hapa Kigoma kabla shauri halijaisha?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Ndugu msomaji, kwa amri hizo mbili, huwezi. Tangu marekebisho yaliyofanywa na Sheria Na. 25 ya mwaka 2002, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inakataza rufaa dhidi ya uamuzi wa awali au amri ya katikati ya shauri iliyotolewa na mahakama ya wilaya, mahakama ya hakimu mkazi au baraza, isipokuwa pale ambapo uamuzi huo umelimaliza shauri lenyewe. Mapitio, yaani kuiomba Mahakama Kuu iitishe jalada na kulikagua, nayo yamewekewa sharti hilohilo, kwa hiyo atakayekushauri uyaite maombi yako mapitio badala ya rufaa atakupotezea ada tu.

Mahakama ya Rufani hutumia kipimo kilichotokana na shauri la Uingereza la Bozson, la mwaka 1903: je, amri hiyo imeamua kabisa haki za wadaawa, yaani pande zote za shauri, au bado kuna jambo la kusikilizwa? Kwako halijasikilizwa bado swali lenyewe la nani mwenye kiwanja. Ajabu yake ni kwamba pingamizi lako lingekubaliwa na shauri likatupwa, mwenzako angepata haki ya rufaa papo hapo. Wapo wanaouona huu kuwa upendeleo, nami siwalaumu. Ila wanaokumbuka enzi ambazo mashauri ya Kigoma yalikuwa yakipelekwa Mahakama Kuu Tabora wanajua jalada likisafiri kwa kila amri ndogo mashahidi husubiri mpaka wengine wanafariki.

Hoja yako ya muda haijafa. Hukumu ikitoka dhidi yako utakuwa na siku 45 za kukata rufaa, na kosa la uamuzi ule mdogo unaweza kulifanya mojawapo ya sababu za rufaa. Kumbuka pia kwamba pingamizi la awali husimama juu ya hoja ya sheria peke yake. Kama mwenzako anabisha kwamba hukuanza kukaa hapo mwaka 2005, jambo hilo linahitaji ushahidi, basi waandae majirani na nyaraka zako, na uombe nakala ya uamuzi mapema.

Kuhusu zuio, asiyeridhika nalo anaweza kuomba liondolewe au libadilishwe palepale lilipotolewa. Kwa Sura ya 33, muda wake hauzidi miezi 6, ingawa unaweza kuongezwa kwa kipindi ambacho jumla yake haizidi mwaka 1. Mpaka litakapoondolewa au kumalizika, usiongeze hata tofali moja.