Kila Dalili Niliipatia Sababu Yake

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja ulionifanya niweke kando makala niliyokuwa nimeikusudia. Aliandika hivi: "Kaka, nina miaka 34, mimi si mnene na situmii vitu vitamu kwa wingi. Ila tangu mwezi uliopita ninaamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo, na kiu hainiishi. Je, nisubiri nione kama itapita, au nikapime?" Nilimjibu kwa neno moja tu, kapime, kisha nikaona haya kwamba nimemkatia maneno mtu aliyeuliza swali ambalo mimi mwenyewe nililikwepa kwa muda wa miezi saba. Jibu kamili ndilo hili.

Nianze kwa kukiri jambo ambalo bado linaniuma. Marehemu baba yangu aliishi na kisukari kwa miaka 14, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza kliniki, nikimshikia kadi yake na kumsomea tarakimu zake kwa sababu macho yalikuwa yamemwishia nguvu. Kwa hiyo nilikuwa naujua ugonjwa huo kwa jina na kwa sura, na nilijua pia kwamba mtoto wa mgonjwa wa kisukari yumo katika hatari kubwa kuliko watu wengine. Sina kisingizio cha kutojua. Nilichokuwa nacho ni kipaji cha kutafuta sababu, na kila dalili iliyobisha hodi niliipatia sababu yake, nikaikaribisha kama mgeni asiye na madhara.

Kiu ilianza wakati wa joto, nikalisingizia joto. Joto lilipokwisha na kiu ikabaki, nikajipongeza kwamba hatimaye nimejifunza kunywa maji ya kutosha kama wataalamu wanavyotuhimiza. Nilikuwa nikiweka jagi la lita mbili kando ya kitanda, na alfajiri nalikuta tupu. Usiku nilikuwa nikiamka mara nne, wakati mwingine tano, na nilipojiuliza kwa nini, jibu lilikuwa tayari: anayekunywa maji mengi lazima aende msalani. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba nilikuwa nimeyapindua mambo juu chini. Sukari inapozidi takriban milimoli 10 kwa lita moja ya damu, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini, nayo humwagika kwenye mkojo ikivuta maji pamoja nayo. Nilidhani ninakojoa kwa sababu ninakunywa, kumbe nilikuwa ninakunywa kwa sababu ninakojoa.

Kisha nikaanza kupungua. Hapa ndipo watu waliponiponza bila kujua, kwa maana kila niliyekutana naye alinisifu, akaniuliza siri ya mwili mwepesi, nami nikawa natoa mawaidha juu ya kutembea kwa miguu, ingawa ukweli ni kwamba nilikuwa nakula kuliko zamani na kutembea kulikuwa kunanichosha. Nakumbuka jioni niliyotoboa tundu jipya kwenye mkanda wangu kwa msumari wa moto, nikautazama umbali kati ya tundu lile na alama ya zamani iliyochakaa, upana wa vidole vinne kamili, na badala ya kushtuka nikaona fahari. Mtu anayekula vizuri na kukonda bila kukusudia hapaswi kuona fahari. Mwili wake umeshindwa kuitumia sukari iliyomo ndani ya damu, ukaanza kula mafuta na misuli yake wenyewe.

Macho yalipoanza kuona ukungu nilisema ni umri, nikatengenezewa miwani. Hiyo miwani nilikuja kuitumia kwa wiki sita tu, kwa sababu sukari nyingi hubadilisha kiasi cha maji kwenye lenzi ya jicho, na sukari yangu iliposhuka macho yalibadilika tena, miwani ikawa ndiyo inayoniletea ukungu. Kama macho yako yamebadilika ghafla, pima sukari kwanza kabla ya kulipia miwani. Kuhusu fangasi wa sehemu za siri nitasema kwa ufupi, maana hata sasa naona haya: nilinunua dawa ya kupaka mara tatu, kimyakimya, na mara zote tatu fangasi walirudi, kwa sababu nilikuwa nikiwalisha sukari kila siku.

Aliyekaribia kunifumbua macho ni mke wangu. Asubuhi moja aliniita msalani, akanionyesha mstari wa sisimizi ukizunguka ukingo wa choo, akauliza, "Mume wangu, hawa wanafuata nini hapa?" Nikamjibu kwamba labda kuna mtu amemwaga kinywaji. Nani angekwenda kunywa msalani? Madaktari wa kale wa India waliwaona sisimizi hao hao karne nyingi zilizopita, wakauita ugonjwa huu kwa jina lenye maana ya mkojo wa asali. Wao hawakuwa na maabara hata moja, na bado walielewa. Mimi nilichukua ufagio.

Katika mwezi wa tano wa dalili hizo nilikwenda kwenye kituo kimoja cha afya. Nilisema nimechoka. Daktari aliyenipokea hakuinua uso kutoka kwenye karatasi zake, akaandika vitamini, akaita mtu mwingine. Sijamsamehe kabisa, kwa sababu mtu mzima anayelalamika uchovu na ambaye nguo zinamning'inia anastahili angalau tone moja la damu yake lipimwe. Lakini nikiwa mkweli, nami sikumsaidia: sikutaja kiu, sikutaja choo cha usiku, sikutaja fangasi. Foleni ilikuwa ndefu na nyuma yangu walikuwapo watu wanaonifahamu. Nilitoka pale na pakiti ya vidonge na furaha ya mtu aliyeambiwa kwamba hana kitu, ingawa hakuna aliyeniambia hivyo.

Siku niliyopimwa sikwenda kupimwa. Nilikuwa nimemsindikiza mke wangu kwenye kipimo chake cha shinikizo la damu, na tulipokuwa tukingoja muuguzi mmoja wa makamo alinikazia macho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba, tangu uketi hapo umekwenda msalani mara tatu na umemaliza chupa mbili za maji. Umewahi kupima sukari?" Nilianza kumweleza habari za joto. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Sawa, lakini kidole ni dakika moja tu."

Alinitoboa pembeni mwa ncha ya kidole, tone likapanda, akaligusisha ukingo wa kijiti cha kupimia, na mashine ikahesabu kurudi nyuma kutoka tano. Ikasoma 19.6. Nilitegemea atashtuka, lakini aliniambia kwa upole nikanawe mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri, kwa kuwa hata mabaki ya kitu kitamu kwenye ngozi huweza kuidanganya mashine. Nilinawa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilisugua kidole kile kana kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa juu ya ngozi na ungeondoka na povu. Mara ya pili ikasoma 19.1, naye akavuta kiti akaketi karibu nami, na hapo nikaelewa.

Nizieleze tarakimu hizo, maana watu wengi hupewa namba bila kuelezwa. Mtu mwenye dalili ambaye sukari yake, saa yoyote ile na hata kama ametoka kula, inafika milimoli 11.1 kwa lita, huhesabiwa kuwa ana kisukari. Akipimwa kabla ya kufungua kinywa, baada ya kukaa saa 8 au zaidi bila chakula, mpaka ni 7.0, ambayo katika vipimo vingine huandikwa miligramu 126 kwa desilita. Kipo pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, na mpaka wake ni asilimia 6.5. Mwenye selimundu au upungufu wa damu amwambie mhudumu mapema, kwa kuwa kipimo hicho huweza kumpotosha. Kwa asiye na dalili yoyote, jibu moja la juu halitoshi, na kipimo hurudiwa. Mashine ya kidole ni ya kubisha hodi, na maabara ndiyo hufungua mlango. HbA1c yangu ilikuwa 10.8.

Habari za matibabu sitazirefusha. Nilianzishiwa vidonge vya metformini, nikabadilisha chakula, nikaanza kutembea kwelikweli, safari hii bila kudanganya mtu, na baada ya mwaka HbA1c ilikuwa 6.6. Naitaja kwa majivuno, sikatai. Lakini ganzi ya vidole vya mguu wa kushoto haijaondoka, na mtaalamu wa macho aliniambia kwamba ameona vidoa vidogo vya damu nyuma ya jicho ambavyo lazima vifuatiliwe kila mwaka. Hakuna anayeweza kuniambia ni sehemu gani ya madhara hayo ililetwa na ile miezi saba, na swali hilo hunijia zaidi usiku.

Sasa nirudi kwako, ndugu yangu msomaji. Wembamba wako si kinga, kwa maana zipo aina za kisukari ambazo hazitazami unene, na ile aina ya kwanza, ambamo kinga ya mwili hushambulia kongosho na kumaliza insulini, yaani kichocheo kinachouwezesha mwili kuitumia sukari, humpata mtu mzima kama inavyompata mtoto. Umri wako nao si kinga. Chama cha Kisukari cha Marekani kinapendekeza watu wazima wote waanze kuchunguzwa wafikapo miaka 35 hata kama hawana dalili, na usinijie na hoja kwamba umebakiza mwaka mmoja, kwa sababu wewe dalili unazo. Inawezekana pia kwamba si kisukari. Maambukizi ya njia ya mkojo, tezi dume, au dawa fulani za shinikizo la damu humwamsha mtu usiku vilevile. Kipimo kikitoka safi, basi umejua kwamba unapaswa kutafuta kwingine, na bado utakuwa umepata faida. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nami naongeza kwamba maradhi yaliyofichwa zaidi ni yale ambayo mgonjwa amejificha nayo mwenyewe. Wangapi kati yenu mnaosoma hapa mna jagi kando ya kitanda? Wangapi mmetoboa mkanda? Mnachunguza bei ya kila kitu na mileage ya kila gari kabla ya kununua, lakini damu yenu wenyewe mnaiachia bahati.

Jambo moja haliwezi kungoja hata kesho. Ukianza kutapika, tumbo likauma, ukahema kwa kina na kwa haraka, pumzi ikanukia kama matunda, au ukasinzia na kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya saa ile ile, na uende mahali penye hospitali wala si duka la dawa. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kisha akaanza tena huku akinywa maji bila kukoma na kukonda. Kipimo chake kifanyike siku hiyo hiyo.

Kwa wewe uliyeandika, nenda asubuhi kabla ya kula ukiweza, na kama umeshakula nenda hivyo hivyo, usiahirishe kwa sababu ya chai. Ukifika mbele ya mhudumu usiseme umechoka. Sema hivi, hata kama nyuma yako yupo mtu unayemfahamu: ninaamka mara tatu usiku kukojoa, nina kiu isiyokwisha, imekuwa mwezi mzima sasa, naomba nipimwe sukari. Akianza kuandika vitamini, rudia sentensi hiyo.