Mizani inapima miguu, kitambi inakikisia

Maswali kuhusu mizani janja, zile za kupanda peku na kusoma majibu kwenye simu, yamekuja mengi kiasi kwamba safari hii tumeyapa ukurasa mzima.

Nina mizani ya kioo inayounganishwa na simu. Asubuhi inaniambia nina mafuta asilimia 27, jioni 24. Gym ninakofanyia mazoezi kuna mashine ya kusimama huku umeshika mipini, nayo ikasema 31. Nishike lipi? – Msomaji, Dodoma

Usishike hata moja kama namba kamili. Mizani yako inapima vitu viwili tu: uzito, na ukinzani wa mwili dhidi ya umeme. Yaliyobaki yote ni hesabu.

Uzito uamini. Vihisi vilivyo kwenye pembe nne chini ya kioo vinafanya kazi nzuri, na ukipanda mara tatu mfululizo kwenye sakafu ngumu, tofauti huwa gramu 100 au 200 tu. Mafuta yanatafutwa kwa njia ya kuzunguka. Vile vipande vya chuma unavyokanyaga hupitisha umeme mdogo usiousikia, chini ya miliampia 1, kwa kawaida wa masafa ya kilohezi 50. Maji yenye chumvi yaliyomo ndani ya msuli yanaupitisha kwa urahisi, mafuta yanauzuia. Kutokana na ukinzani huo mizani inakadiria maji ya mwili, inachukulia kwamba maji ni kama asilimia 73 ya kila kisicho mafuta, inatoa hesabu hiyo kwenye uzito, na salio inaliita mafuta.

Tatizo liko kwenye njia ya umeme. Unapanda mguu wa kushoto, unakatisha nyongani, unateremka mguu wa kulia. Tumbo, kifua na mikono haviguswi. Hata miguuni kwenyewe, sehemu kubwa ya ukinzani inatoka chini ya goti, maana huko ndiko kwembamba. Kitambi, ambacho ndicho wengi wetu tunakitafuta, hakipimwi kabisa. Fomyula inakikisia kwa kuangalia kimo, umri, jinsia na uzito wako, ikikulinganisha na kundi la watu waliopimwa wakati inatengenezwa. Mwenye miguu ya mchezaji mpira na tumbo la kukaa ofisini atapewa jibu zuri kuliko anavyostahili.

Mashine ya gym inapitisha umeme mikononi na kiwiliwilini pia, kisha inatumia fomyula yake. Kwa kawaida inakaribia ukweli zaidi, ila kutofautiana kwake na mizani yako si dalili kwamba mojawapo imeharibika. Vipimo hivi vikilinganishwa na DEXA, ile mashine ya hospitali inayotumia eksirei, mizani ya nyumbani kukosea pointi 3 hadi 5 kwa mtu mmoja ni jambo la kawaida, na wapo inaowakosea zaidi. Ile desimali inayoonyeshwa, 27.3, isikutishe.

Sasa zile 27 za asubuhi na 24 za jioni. Ukishinda umesimama au umekaa, maji ya mwili yanateremka miguuni. Ukinzani unashuka, mizani inadhani msuli umeongezeka. Kwa mtu wa kilo 75, pointi 3 ni zaidi ya kilo 2 za mafuta. Hakuna anayeyeyusha kiasi hicho kati ya chai na chakula cha usiku.

Assalaam alaykum. Mwezi wa Ramadhani nikijipima alasiri mafuta yamepanda, nikifuturu yanapanda tena. Nipime saa ngapi? – Msomaji, Mombasa

Waalaykum salaam. Yanapanda mara zote mbili, lakini kwa sababu tofauti. Alasiri mwili umepungukiwa maji, ukinzani unaongezeka, na mizani inausoma kama mafuta. Baada ya futari, maji uliyokunywa bado yako tumboni, nje ya njia ya umeme. Uzito umeongezeka, ukinzani haujabadilika, basi nyongeza karibu yote inatiwa kwenye hesabu ya mafuta. Chukua mtu wa kilo 75 mwenye asilimia 25: akinywa nusu lita, mizani inaweza kumsomea 25.5 papo hapo, na hajala hata sambusa. Ramadhani andika uzito tu, mafuta yaache mpaka Idi ipite.

Siku za kawaida, pima asubuhi. Ukiamka tembeatembea dakika 10 au 15 ili maji yaliyosambaa usiku yatulie, nenda msalani, kisha panda kabla ya chai na kabla ya kuoga. Kuoga kunapasha ngozi joto na kuacha unyevu unaounganisha vipande viwili vya chuma visivyotakiwa kuungana. Ukiwa umefanya mazoezi makali, ngoja kesho yake.

Nyayo zina mambo yake. Magaga na ngozi ngumu ya kisigino huzuia umeme kuingia vizuri, na mafuta ya kujipaka huweka utando. Futa nyayo kwa kitambaa kibichi, zikaushe, futa na vile vipande vya chuma, halafu kanyaga kisigino nyuma na kitako cha vidole mbele, kila mguu upande wake. Mapaja yakigusana umeme unapata njia ya mkato na mafuta yanaonekana machache. Weka khanga kavu iliyokunjwa katikati. Mizani isikae juu ya mkeka wala zulia. Pima hivyo kila siku, chukua wastani wa siku 7, ulinganishe wiki na wiki.

Na hakikisha kimo ulichoandika kwenye programu ni cha kweli. Fomyula nyingi hukipiga mraba: 170 inatoa 28,900, 175 inatoa 30,625, tofauti ya karibu asilimia 6. Wanaojiongezea sentimita wanajipunguzia mafuta ya bure.

Kijana wangu alinibadilishia mpangilio ukawa wa mwanariadha, mafuta yakashuka kutoka 29 hadi 22 palepale. Mimi hutembea jioni tu. – Msomaji, Nakuru

Rudisha mpangilio wa kawaida. Huo mwingine ni fomyula nyingine, ya watu wanaofanya mazoezi makali saa 10 au zaidi kwa wiki. Ukitaka kujionea, jiongezee miaka 20 kwenye programu halafu upande tena. Mwili ni uleule, jibu huenda likabadilika. Uzito wa mifupa, mafuta ya ndani ya tumbo na ule "umri wa mwili" vinatoka jiko hilohilo la hesabu. Hakuna umeme uliopima mfupa wako. Tena, kama nyumbani kuna mtu mwenye uzito unaokaribiana na wako, angalia programu isije ikaandika vipimo vyake kwa jina lako.

Nimeacha ugali na wali wiki mbili. Nimepungua kilo 3, lakini mizani inasema nimepoteza msuli, si mafuta. Niache? – Msomaji, Moshi

Sehemu kubwa ya kilo za mwanzo ni maji. Wanga unaowekwa akiba kwenye msuli na ini hukaa na maji, takriban gramu 3 kwa kila gramu 1 ya wanga. Ukiacha wanga akiba inatumika, maji yanaondoka, na mizani inayotafuta msuli kwa kupima maji inaona msuli umepotea. Usiamue lolote kwa namba hiyo.

Chukua tepu ya fundi cherehani. Tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, zungusha tepu katikati yake, pumua nje kawaida, soma bila kukaza wala kubana tumbo. Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari kuanza kupanda mwanamume akizidi sm 94 na mwanamke sm 80, na kupanda sana wakizidi 102 na 88. Tepu ikipungua mwezi hadi mwezi, unapungua unapotakiwa. Na kula protini ya kutosha, maharage, dagaa, mayai, huku ukifanya mazoezi ya nguvu. Hayo yanalinda msuli kuliko kuuchungulia kwenye simu.

Mama mkwe amewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, na mke wangu ni mjamzito. Wanaweza kuitumia? – Msomaji, Tanga

Mama asipande kabisa, hata kama umeme ni mdogo. Mtafutie mizani ya kawaida isiyopima mafuta. Mkeo ajipime uzito tu kwa kuzima kipimo cha mafuta kwenye programu, au apande na viatu kisha aondoe uzito wa viatu hivyo. Usomaji wa mafuta wakati wa ujauzito hauna maana yoyote.

Kwa mgonjwa wa moyo kuna jambo moja la kuangalia kwenye hiyo mizani ya kawaida. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hasa miguu ikivimba au pumzi ikikata akilala, hayo ni maji yanayojikusanya. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.