Kununua maltimita ya bei nafuu: anza na mlio

Anayeanza kutengeneza redio, chaja na bodi ndogo huvutwa na maltimita yenye alama nyingi: joto, masafa, kipimo cha transista. Kazi nyingi za mezani zinamalizwa na vipimo vitatu: volti za DC, mlio (mita hulia ncha zake zikiunganishwa na njia ya umeme) na daiodi. Pima ubora wa hivyo vitatu kwanza.

Mlio ujaribu kabla hujalipa. Gusanisha ncha mbili haraka haraka, kama unayebisha hodi. Kila zinapogusana mita ilie papo hapo. Ikichelewa nusu sekunde, utapitisha ncha kwenye miguu ya IC (chipu), uvuke palipo na shoti bila kusikia kitu. Kumbuka pia kwamba mita nyingi hulia hata kwenye omu 30 au 50, kwa hiyo ukisikia mlio, tazama namba kabla ya kutangaza shoti.

Hamia kwenye omu, ncha zikiwa bado zimegusana. Omu 0.1 hadi 0.5 ni kawaida, ni za waya zenyewe. Zitoe kwenye hesabu unapopima rezista ndogo. Namba ikirukaruka ukitikisa waya, tatizo liko kwenye waya au tundu. Waya mbovu si sababu ya kuikataa mita nzuri, maana zinauzwa peke yake. Tundu lililolegea ni sababu tosha.

Kwenye daiodi, 1N4007 (daiodi ya kawaida) nzima itasoma kati ya 0.5 na 0.7 upande mmoja, na OL au 1 (yaani umeme haupiti) upande wa pili. Jaribu na LED nyekundu: isipowaka hata kidogo, mita inatoa volti chache mno na haitakusaidia kukagua taa za skrini.

Mita ya hesabu 2000, yaani inayoonyesha namba hadi 1999, inatosha. Laini ya volti 5 utaisoma 5.00. True RMS (kipimo sahihi cha AC ya mawimbi yoyote) iache, labda kama utapima AC yenye mawimbi yasiyo ya kawaida.

Tundu la 10A ndilo huunguza mita za wanaoanza. Ukipima ampea kisha ukasahau waya mwekundu humo na kwenda kupima volti, umepiga shoti kwa mkono wako. Mita nyingi za bei ya chini zimeandikwa UNFUSED hapo, yaani halina fyuzi la kukuokoa. Chagua yenye fyuzi kwenye matundu yote ya ampea, la sivyo usiguse nayo umeme wa ukutani. Kapasita kubwa ya pawa saplai ya 230 V hushika takriban volti 325 hata plagi ikiwa imechomolewa: itoe chaji kwa rezista, kisha hakiki kwa volti za DC kabla ya kupima omu.

Betri ya mita ikichoka, mita nyingi husoma juu kuliko kweli. Betri mpya ya AA ya alkalini husoma karibu 1.6 V, ukiona 1.8, badilisha betri ya mita kabla hujailaumu bodi.