Mwanangu, kuhusu zile sekunde 38

Mbukwa mwanangu,

Meseji yako niliiona jana usiku pamoja na ile picha ya saa yako, nikaikuza na miwani juu mpaka simu ikazima chaji. Unauliza kwenye zile mbio za nusu marathoni za huku Dodoma uhesabu muda upi, ule wa chipu mliyovaa ya waandaaji unaosema 2:00:38, au wa saa yako ya mkononi, maana ilipogonga kilomita 21.1 ilikuwa 1:58:57, halafu ukaendelea kukimbia mpaka ikasoma 21.4 ndo ukaona utepe. Mwaka na nusu unaitafuta hiyo chini ya saa 2, unaamka saa 10 alfajiri huko Mbezi na mbwa wanakufukuza, halafu inakuja kukaa namna hiyo. Nakuelewa mama.

Barabara hawakuiongeza lakini. Wapimaji wanafuata njia fupi kabisa, wanabana kila kona, kama sentimita 30 tu kutoka ukingoni, sasa nyie mkishakuwa kundi mnapanua, na saa yenyewe inasoma setelaiti, kuna sehemu inakuongezea. Ila siwezi kuitupia setelaiti lile nililoliona kwa macho yangu. Pale kipilefti ulipita nje kabisa, upande tuliosimama sisi, wakati wenzio wanabana ndani. Kwa mwendo wako sekunde 38 ni mita 110 na ushee. Na aliyekuita ni mimi. Mama yako ananivuta koti, "we muache mtoto akimbie", mimi napiga kelele kama nauza nyanya Majengo, ukageuka ukatupungia mikono yote miwili na ile pakti ya jeli mdomoni (mlenda mmekula bure miaka yote, leo mnaununua kwenye pakti). Nimelala na hilo siku tatu.

Sasa mnajua msemo wangu, saa haina undugu. Ndugu zako walikuwa wananiiga mezani nikiusema. Na bado nausimamia. Angalia Simbu wetu wa Singida kwenye marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo 2025, yeye na yule Mjerumani Petros wameandikiwa muda uleule, 2:09:48, wametenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde, yaani 0.03, na dhahabu imekuja kwa mmoja. Hakuna aliyesema basi wagawane. Ikangaa wa hapahapa Dodoma, marathoni ya Boston 1988, kakosa ushindi kwa sekunde 1 tu, kilomita 42 zote zile. Kwa hiyo ningetakiwa nikujibu kwa mstari mmoja na barua iishe.

Ila kuna jambo hamjawahi kuambiwa sawasawa, kuhusu zile dakika zangu 34.

Ilikuwa 1983. Mwaka uliotangulia Ikangaa alikuwa wa pili kule Brisbane kwenye Jumuiya ya Madola, tukasikia redioni, basi kila kijana huku akawa mkimbiaji, ukienda kuchota maji unakimbia, ukitumwa chumvi unakimbia. Chumvi yenyewe ukiipata. Mnakumbuka hadithi za babu yenu za mwaka ule, sabuni hakuna, sukari hakuna, wahujumu uchumi wanakamatwa. Sasa kukawa na mbio za kilomita 10, umbali wamepima kwa Land Rover, saa ya kuhesabia ni moja tu, inaning'inia shingoni kwa bwana mmoja simtaji. Mimi nilikuwa na katambuga, nikazivua pale mwanzo nikamkabidhi babu yako nikakimbia peku, na unajua miba ya mgunga ilivyo, kwenye kilomita ya sita hivi mmoja ukaingia kisiginoni ukakatikia humohumo.

Nikamaliza wa nne. Nakwambia mwanangu sijawahi kukimbia vile tena. Nafika pale mwisho, natafuta yule bwana, hayupo! Watatu wa kwanza kawaandika, halafu mtu akapita na baiskeli akasema sukari imeshuka duka la ushirika, akaondoka na saa ikiwa shingoni. Mimi nimesimama kwenye mstari wa chokaa, kisigino kinavuja damu, babu yako kashika katambuga zangu hajui aseme nini. Baada ya kama nusu saa akarudi na kilo mbili kwenye mfuko wa khaki, ameukumbatia kama mtoto mchanga. Namuuliza muda wangu. Akaniangalia, akaangalia saa, ambayo bado ilikuwa inatembea, akasema, "Wewe andika thelathini na tano hivi."

Hivi! Miaka yote hii hilo neno halijanitoka. Wenzangu watatu wana muda mpaka sekunde, mimi nina hivi.

Kwa hiyo zile 34 mlizokua nazo, ndo hiyo 35 hivi, nikatoa dakika moja mwenyewe. Naona nilistahili. Mwaka hadi mwaka nimeisema mpaka nimeiamini, hata mama yako aliolewa akijua 34.

Kinachonichanganya ni kwamba bibi yako naye alikuwa kwenye foleni ileile, nyuma ya yule bwana, akapata kilo moja. Jioni tukanywa chai ya sukari, mara ya kwanza baada ya wiki sijui ngapi, na mimi na hasira zangu zote nikanywa vikombe viwili. Na yule bwana alikuwa na watoto sita. Ningekuwa mimi ningebaki? Nimejibu ndiyo mara nyingi sana, na sasa hivi nikiandika nasita. Hapana, ningebaki. Saa haina undugu. Lakini anayeivaa si anao?

Najua sijakujibu. Nilishaandika jibu hapa, mistari miwili, mama yako akasoma juu ya bega akaniambia nifute, wewe mtu mzima wa miaka 36, uamue mwenyewe. Nimefuta. Inaniwasha vidoleni lakini nimefuta. Nitakachosema tu ni kwamba zile kilomita 5 za kwanza ulipita kwa dakika 26, na chini ya saa 2 inataka 5:41 tu kwa kila kilomita, ulikuwa unawahi nini? Dar mko usawa wa bahari, huku mita elfu moja na mia na kitu, na ule upepo mkavu wa Julai, pumzi lazima ikudai mbele.

Mwakani ukija, njoo Alhamisi, usije Jumamosi usiku ukalala masaa matatu tu. Pale kipilefti nitasimama upande wa ndani na nitafunga mdomo, mama yako atakuwa shahidi. Na saa nitakuwa nayo mimi, siondoki hata waseme sukari imeshuka.

Mama yako anauliza ile kucha ya dole gumba imeng'oka au bado, na kama zabibu zilifika hazijapondeka.

Baba yako