Siku moja Hifadhi ya Arusha, na bibi na watoto

SWALI: Shikamoo mzee. Julai tutakuwa Arusha kwenye harusi ya mdogo wangu, na tumebakiwa na siku moja ya kutembea. Tuko sita: mimi na mume wangu, mama yangu mzazi anayesumbuliwa na magoti, binti wa miaka 13, wa kiume wa miaka 9 na kitinda mimba wa miaka 4. Nimependekeza Hifadhi ya Taifa Arusha kwa sababu iko jirani na mji. Mashemeji wananicheka, wanasema kule hakuna simba, bora tukimbie Ngorongoro turudi usiku. Binti naye kasikia habari za Mlima Meru, anataka kuupanda. Unatushaurije?
Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiyumbishwe. Nimeendesha watalii sehemu kubwa ya maisha yangu, na familia yenye mzee na mtoto wa miaka minne nisingeipeleka Ngorongoro kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Mama yako atakaa kwenye kiti tangu alfajiri hadi usiku, na kitinda mimba atakuwa amelala simba anapopita.

Ni kweli, Arusha hamtaona simba. Mtaona twiga kwa wingi, na ninavyowajua watoto, twiga anayevuka barabara mbele ya gari hawamsahau upesi. Mara tu mkipita geti la Ngongongare kuna uwanda wa nyasi uitwao Serengeti Ndogo: pundamilia, nyati, ngiri. Msikae sana hapo. Asubuhi ni ya msitu.

Shikeni njia ya kwenda kreta ya Ngurdoto, yaani shimo kubwa la volkano, mwende polepole, vioo vimeshushwa, redio imezimwa. Mnawatafuta mbega weusi wenye joho jeupe mgongoni na mkia wa kichaka. Alfajiri madume hunguruma, na sauti ile hufika mbali kuliko umbo lao. Wanakula majani, kwa hiyo hawana haraka. Mkiwapata wanakaa, nanyi kaeni. Mwambie mwanao wa miaka 9 aangalie mkono wa mbega kwa darubini: hana kidole gumba, amebaki na kinundu tu, ndiyo maana tawi analinasa kwa vidole vinne kama ndoana. Na mdogo mpeni kazi ya kutafuta mtoto mweupe pepepe aliyeng'ang'ania kifua cha mama, kwa sababu mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, weusi unakuja baadaye. Mtashangaa mtoto wa miaka minne anavyoweza kunyamaza akiwa na kazi.

Juu ya ukingo wa Ngurdoto mtaangalia tu. Kushuka ndani hairuhusiwi, na hilo limewaachia nyati sehemu yao bila tairi. Barabara ya kupanda ukingoni ni ya mwinuko na ikinyesha inateleza, kwa hiyo kodini gari la magurudumu manne yanayovuta. Gari dogo la saluni liachieni harusi.

Kutoka hapo teremkeni maziwa ya Momella. Hapa ndipo mtumie muda, kwa sababu pana hadithi ambayo magari mengi hupita bila kuisimulia. Geuzeni macho magharibi mtazame Meru. Upande wake wa mashariki, unaowaelekea ninyi, haupo. Maelfu ya miaka iliyopita uliporomoka, na tope na mawe yake yakamwagika hadi huku chini. Vilima vidogo mnavyovizunguka kwa gari ni mabaki ya mlima wenyewe, na maziwa yamekaa kwenye mabonde yaliyobaki katikati yake. Ndani ya lile pengo kuna kilima cha majivu kilichoota baadaye. Volkano hii ilifuka mara ya mwisho mwaka 1910. Binti wa miaka 13 akielezwa hayo akiwa amesimama palepale, ataelewa jiografia ya darasani.

Maji ya maziwa yana magadi na hayafanani rangi, kwa sababu mwani unaoota humo unatofautiana. Mwani huohuo ndio unaowaleta flamingo, na ndio unaowapa ule wekundu. Idadi yao hubadilika, msiwaahidi watoto maelfu.

Mama yako hahitaji kutembea popote. Yote niliyotaja yanaonekana kutoka garini au hatua chache kutoka garini, kwenye sehemu zilizoruhusiwa kushuka. Mkalisheni kiti cha mbele. Mbebeeni blanketi: geti liko kama mita 1,500 juu ya bahari na Julai asubuhi baridi inauma. Mlo wa mchana ulieni sehemu ya mapumziko, na chakula kisiachwe juu ya meza hata kwa dakika moja, nyani wanaangalia. Msiwarushie chochote, hata ganda la ndizi. Nyani aliyezoea kulishwa huanza kunyang'anya watoto.

Viingilio hulipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo, si kwa noti mkononi, na mtoto wa chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu. Njooni na vitambulisho, maana kiwango cha Mtanzania na cha mgeni ni mbali kabisa.

Sasa binti. Meru ni mita 4,566, na kupanda huchukua siku tatu au nne, kwa kulala kwenye vibanda vya Miriakamba na Saddle, pamoja na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Siku hii moja haitoshi. Lakini kuna matembezi mafupi yanayoanzia geti la Momella, nayo ni pamoja na askari: maporomoko ya Tululusia, au ule mtini mkubwa uliojikunja kuwa tao hata gari linapita chini yake. Ulizeni getini mapema umri unaoruhusiwa na kama askari yupo. Baba yake aende naye, wewe ubaki na bibi na wadogo ziwani.