Maswali yenu kuhusu picha za ndoto: mwili, hisia na kamera

Mwangaluka watu wangu wa Mwanza na kanda ya ziwa yote. Tangu niweke ile picha ya mtu aliyebeba jiwe mgongoni kwa mbeleko maswali yamekuja mengi kweli, nimechukua machache, tuanze.

Hizi picha za surialisti, yaani za mambo ya ajabu kama ya ndotoni, si ni Photoshop tu? (Msomaji, Buzuruga)

Hapana ndugu yangu, na hili huwa linaniuma manake watu walikuwa wanazipiga kabla kompyuta hazijafika mezani kwa mtu. Mwaka 1924 Man Ray, Mmarekani aliyekuwa anaishi Paris, alimpiga picha mwanamke mgongo wazi kilemba kichwani, afu akaweka kwenye huo mgongo matundu mawili kama yale ya fidla, basi mwili ukawa chombo cha muziki. Chapa ya picha hiyo iliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 12. Na mwaka 1948 mpiga picha Philippe Halsman alimpiga picha mchoraji Salvador Dalí akiwa hewani na paka watatu na maji yanakatiza mbele yake, na wale paka walirushwa kweli, maji yalimwagwa kweli, Dalí aliruka kweli, wakarudia mara 28 mpaka ikakubali, baadaye wakafuta nyaya zilizokuwa zimening'iniza vitu. Programu inakusaidia kuunganisha, cha kusema unatoka nacho nyumbani.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Nataka picha ionyeshe ninavyojisikia ila sio ya kulia kulia. Nianzie wapi? (Dada, Igoma)

Pole sana dada yangu, Mungu ampumzishe mama.

Anzia kwenye maneno yako mwenyewe, yale unayowajibu watu wakikuuliza unaendeleaje. Kiswahili chetu kimejaa picha za namna hii ila tumezizoea hatuzioni tena, mtu anakwambia moyo mzito, roho iko juu juu, mwili umekufa ganzi, nimebaki mikono mitupu, sasa we chukua moja ambalo ni la kweli kwako ulifanye lionekane kwa macho kabisa. Mimi bibi yangu alipofariki kila aliyeniuliza habari za msiba nilikuwa namjibu "nimeubeba tu", siku moja nikajisikia nikilisema hilo neno, nikaenda kwenye mawe kule Luchelele nikatafuta jiwe la kama kilo saba hivi nikalifunga mgongoni kwa kanga ya bibi, vile vile alivyokuwa ananibeba mimi nikiwa mdogo, nikaweka simu kwenye stendi nikajipiga kwa nyuma. Uso hauonekani hata kidogo. Shangazi alipoiona alikaa kimya muda mrefu afu akasema, "Lifungue sasa mwanangu, pumzika." Hapo ndo nilijua picha imefika.

Kwahiyo uso sio lazima dada. Mabega yanasema, shingo inasema, vidole vya miguu vikijikunja vinasema. Jiulize huzuni yako inakaa wapi mwilini, ni kooni, ni tumboni, ni kwenye mikono isiyojua ishike nini, kamera iende hapo. Na tafuta kitu cha mama. Zanele Muholi wa Afrika Kusini tangu mwaka 2012 anajipiga mwenyewe amevaa vitu vya kazi za nyumbani, vibanio vya nguo vimejaa kichwani kama taji, stilwaya za kusugulia sufuria, na nyingine kati ya hizo ni za kumheshimu mama yake aliyefanya kazi za ndani miaka mingi. Hakuna chozi pale, ni macho tu yanakutazama mpaka we mwenyewe unainamisha yako. Wewe inaweza kuwa miwani yake, kinu, mtandio aliopenda kuuvaa. Ungo tu uuache, najua ni mzuri na ni wa duara unakaa vizuri mbele ya uso, ila huku kwetu watu watasoma uchawi kabla hawajasoma msiba wako.

Na nenda na ndugu yako siku hiyo, usiende peke yako na mpiga picha usiyemjua. Ukizidiwa kamera izimwe.

Nina jirani yangu ana ualbino, ngozi yake inapendeza sana kwenye mwanga, nataka nipige mikono yake ikielea peke yake bila mwili. Unaonaje? (Kijana, Kirumba)

Mdogo wangu, hiyo usipige. Nia yako naiona ni njema na jicho unalo, ila fikiria tuko wapi. Kanda hii hii watu wenye ualbino wamewindwa, wamekatwa viungo, wameuawa kwa sababu ya ushirikina, miaka ya 2007 mpaka 2009 ilikuwa mibaya mno na kuna watoto ilibidi wapelekwe mbali na kwao wakakae mahali pa usalama. Mkono unaoelea kwa mtu wa Paris ni ndoto, kwa jirani yako ni kitu anachokiogopa akisikia mbwa wanabweka usiku. Mi kukata viungo kwenye picha nimeacha kwa mtu yeyote, sio yeye tu.

Muulize anataka aonekaneje, umsikilize kweli. Afu mpige mzima, mpige awe mkubwa kuliko jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu la ziwani hapa Mwanza, inawezekana kabisa, asimame karibu na kamera, we uilaze simu chini kabisa uelekeze juu na jiwe liwe mbali nyuma yake. Iwe asubuhi mapema au kivulini, jua kali linamuunguza na kansa ya ngozi iko karibu sana na wao, na flashi usimmulike machoni. Kabla hujaituma popote zima ile sehemu ya simu inayorekodi mahali, mtaa wake usiutaje, na akisema picha isitoke basi haitoki.

Mtu kuelea hewani mnafanyaje kwa simu ya kawaida? (Nyakato)

Picha mbili. Simu kwenye stendi isiguswe, bonyeza skrini kwa muda ili fokasi na mwanga vijifunge, piga eneo likiwa tupu, afu piga mtu amelalia stuli, unganisha kwenye programu na ufute stuli. Nguo na nywele zining'inie, na kivuli cha huyo mtu chini ukiache, ukikifuta macho yanajua kuna uongo. Fanya haraka, mawingu ya ziwani hayasubiri mtu.

Sura zinatoka nyeusi tii, nikiongeza mwanga zinakuwa kama majivu. (Mkuyuni)

Kamera inataka kila kitu kiwe na mwanga wa wastani, ikiona anga jeupe la ziwani nyuma ya mtu inapunguza na uso unazama. Gusa uso kwenye skrini ndo upimiwe mwanga, mgeuze mtu atazame kwenye mwanga, shikilia shuka jeupe upande wa pili. Mafuta kidogo usoni yanasaidia, ngozi yetu inapendeza mwanga ukiteleza juu yake. Saa saba mchana achana nayo, jua liko utosini macho yanakuwa mashimo, subiri saa kumi na moja na nusu.

Nataka modo alale ndani ya ziwa uso tu ubaki juu ya maji. Sehemu gani nzuri? (Pasiansi)

Sitakutajia, samahani. Kule kwenye maji yaliyotulia yenye majani unakokutaka ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwenye hao konokono dakika chache tu zinavitosha kupenya ngozi, bado sijasema mamba. Kama mlishaingia huko nyuma nendeni mkapime, dawa ipo. Chimba shimo dogo uani, tandika turubai jeusi, jaza maji ya bomba, panda kwenye stuli upige kutoka juu jioni jua likishalegea, lile jeusi linafanya maji yaonekane hayana mwisho. Changanya na ya moto yawe vuguvugu, manake kuna siku nilimweka mtu kwenye ya baridi nikawa bize na simu mpaka midomo ikaanza kumtetemeka. Khanga kavu na chai viwe tayari kabla hajaingia.