Mkia umekaa upande: nitoboe tu, trimu itarekebisha?

SWALI: Naunda ndege ya alumini ya watu wawili gerejini kwangu, hapa Texas, kwa vipande vya kiwandani. Nimepachika stabilaiza ya mlalo, yaani bawa dogo la mkiani. Simu inaonyesha ukingo wa mbele umeinuka nyuzi 0.4, na ncha ya kushoto imetangulia ya kulia kwa milimita 6. Mchoro unataka sifuri. Rafiki aliyekwisha kuunda yake anasema nitoboe tu matundu ya bolti, trimu (kirekebishi cha rubani cha kusawazisha pua ya ndege) itarekebisha angani. Nimsikilize?

JIBU: Usitoboe. Na hiyo simu yenye kava na kamera iliyotokeza iweke mfukoni. Tafuta pimamaji ya kidijitali, uipe sifuri juu ya mhimili wa bodi (kiwiliwili cha ndege) uliotajwa kwenye mchoro. Sakafu ya gereji haihusiki hapa. Kwa boriti za stabilaiza zilizoachana milimita 450, shimu (kibati chembamba cha kujazia) ya milimita 1 inageuza takriban nyuzi 0.13, kwa hiyo 0.4 ni shimu ya milimita 3. Nyingi mno, mimi ningeshuku kipimo kabla ya kiwanda.

Hizo milimita 6 hazitakuangusha, lakini sasa hivi kuziondoa ni bure. Vuta futi kutoka ribiti ileile ya kila ncha hadi nukta moja ya katikati ya bodi, mbele kabisa, usukume mkia mpaka pande zilingane, kisha ubane kwa klampu.

Sasa hili la trimu, ninaloulizwa kila mara na linalonichosha. Trimu inageuza eleveta, kile kibapa cha nyuma ya stabilaiza kinachoinua na kushusha pua. Stabilaiza yenyewe haiigusi, na mkia uliokaa upande ndiyo haiugusi kabisa. Ukingo wa mbele ukiinuka, mkia unanyanyuka na pua ya ndege inashuka. Eleveta itabaki imepinda juu safari nzima, ikikokota hewa na kula mafuta. Tena umeshakula akiba ya trimu. Siku uzito umeelemea mbele, flapu za mabawa zimeshuka, unakuja kutua, utaitafuta trimu ya kuinua pua usiipate.

Wanaotoa ushauri huu ndio haohao wanaopanua tundu likikosea. Kitovu cha tundu kinatakiwa kiwe mbali na ukingo wa chuma angalau mara mbili ya kipenyo chake. Ukipanua tundu lililo karibu na ukingo, bolti inabaki imeshikwa na utepe mwembamba wa alumini. Kwenye bawaba za eleveta nako nimewaona wakilazimisha pini kwa nyundo, badala ya kuvuta uzi wa kuvulia samaki kati ya bawaba mbili za mwisho, kuona ya katikati imekaa wapi, na kuizungusha nusu mzunguko ndani au nje. Ukiwauliza, watakwambia mbona yangu inaruka. Inaruka, ndiyo, ikiwa na kikabari kilichobandikwa kwenye eleveta kufidia kosa.

Chama cha EAA, cha wanaojiundia ndege, kina washauri wa kiufundi wanaojitolea kuja kukagua kazi gerejini. Mwite mmoja mkia ukiwa bado kwenye klampu. Akija baada ya kutoboa, atakachokushauri huenda kikawa kuagiza boriti mpya.